Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Magari ya Zamani

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini, na orodha ya safari anayo katibu, kwa hiyo hayo sitayagusa. Naomba mnivumilie nizungumzie jambo lililotula fedha na kututia maneno mwaka mzima: giaboksi za otomatiki.

Haukupita mkutano bila mtu kutangaza kwamba gia zake zimekufa na anatafuta giaboksi ya mtumba kule Gerezani, Dar es Salaam. Wapo waliokwisha kuulizia bei ya kuigeuza Benzi iwe ya gia za mkono. Kamati inaona tunazika walio hai. Giaboksi nyingi tulizozikagua hazikuwa na ugonjwa wa ndani. Zilikuwa na oili iliyochoka, oili isiyo yake, au mpira mdogo uliopasuka. Na anayesema otomatiki ni ya kwendea harusini tu, namkumbusha Safari Rally ya 1979: dereva Hannu Mikkola alimaliza wa pili akiwa na Mercedes 450 SLC 5.0, na gari lile lilikuwa la otomatiki.

Oili kwanza. Ile nyekundu ambayo wengi wetu tunaiita haidroliki si moja. Benzi za umbo la W123, zile za miaka ya 1970 na 1980, zinataka aina ya Dexron, ambayo ina dawa ya kulainisha mshiko wa klachi ili gia iingie taratibu. Ford za zamani na giaboksi nyingi za Borg-Warner 35, kama zile za Rover P6, zinataka Type F, ambayo haina dawa hiyo na hushika kwa nguvu. Ukiweka Dexron kwenye giaboksi ya Type F, klachi huteleza kabla ya kushika, na kuteleza ndiko kunakoziunguza. Ukifanya kinyume, gari linaruka kila gia inapobadilika. Oili ya CVT (otomatiki za kisasa za mkanda) anayokusukumia muuza duka kwa sababu ndiyo inayotoka sana siku hizi, mwachie mwenyewe.

Kupima nako kumetutia hasara. Benzi hupimwa ikiwa mahali tambarare, injini inawaka, gia iko P (ya kuegesha), na oili imeshika moto wa nyuzi joto 80 hivi. Baadhi ya magari mengine hupimwa kwenye N (gia huru), kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe. Kwenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya Benzi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita 0.3 tu. Anayemimina lita nzima kwa kukisia anaipandisha oili mpaka inachapwa na vyuma vinavyozunguka na kutoa povu. Povu halina presha, gia zinaanza kuteleza, na mwenye gari anaongeza oili nyingine! Dipstiki ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile pamba ya gereji inaacha nyuzi, na uzi mmoja unatosha kukwamisha vali ndogo za ndani.

Kisa kilichotufundisha zaidi ni cha Benzi 300D, ya dizeli, ya mwenzetu mmoja. Gia zilikuwa zinaingia kwa kishindo, na gereji mbili zilikuwa zimeshamwambia giaboksi ishushwe. Kwenye Benzi za dizeli za wakati ule, pampu moja ya vakyumu (mvuto unaopatikana kwa kunyonya hewa) inahudumia breki, kuzima injini, kufuli za milango, na pia kuiambia giaboksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Hewa ikivuja popote kwenye mtandao huo, giaboksi inadhani dereva amekanyaga mafuta yote, inapandisha presha na kuingiza gia kwa nguvu. Uvujaji ulikutwa ndani ya mlango wa nyuma, kwenye kifaa cha kufuli. Mrija ukazibwa, kishindo kikaisha, na giaboksi haikuguswa kwa spana. Sitaki tena kusikia giaboksi ya dizeli imeshushwa kabla vakyumu haijapimwa.

Kwa 280E na wenzake wa petroli, dalili ni nyingine: oili ya gia inapungua, chini hakuna tone, na moshi mweupe unatoka nyuma. Ngozi ya mpira ndani ya modyuleta, kifaa cha giaboksi kinachopokea vakyumu, imetoboka, na injini inaifyonza oili kupitia mrija wa vakyumu na kuichoma. Modyuleta hubadilishwa kutoka nje, giaboksi ikiwa mahali pake.

Joto la Dar na foleni zake tunalijua. Oili ya gia hupoozwa na bomba lililo ndani ya rejeta. Bomba likitoboka, maji na oili huchanganyika na kuwa rangi ya waridi iliyokolea maziwa. Ukiiona rangi hiyo usiwashe gari hata kulisogeza, maana maji hubandua gundi ya klachi. Tumeona pia rejeta zilizobadilishwa kwa zisizo na bomba hilo, fundi akaunganisha mirija miwili pamoja na kumwambia mteja kazi imekwisha. Hapo oili haipoozwi tena, na imebaki safari moja tu ya kwenda Bagamoyo giaboksi iungue.

Wakati wa kubadili oili, kumbukeni kwamba kumwaga sampu (bakuli la oili la chini) peke yake kunaacha nyingi ndani ya konvata, chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili. Benzi za W123 zina nati ya kumwagia kwenye konvata yenyewe. Injini izungushwe kwa mkono mpaka nati ionekane kwenye tundu lake. Filta na gasketi vibadilishwe papo hapo. Uji laini wa kijivu chini ya sampu ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa si vya kawaida.

Gari likizimika njiani, libebwe, au propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) ifunguliwe kabla ya kulivuta. Pampu ya giaboksi inaendeshwa na injini; injini ikiwa kimya, vyuma vinazunguka vikavu.

Kamati inaleta hoja mbili. Ya kwanza, chama kinunue oili ya Dexron na Type F kwa jumla, kila debe liandikwe jina la magari yake. Ya pili, anayeomba mkopo wa matengenezo ya giaboksi aambatishe karatasi ya vipimo vya oili, vakyumu na presha, iliyosainiwa na mjumbe wa ufundi. Wapo watakaoiona hoja hii ni urasimu. Waje waipinge mkutanoni, kura ipigwe. Geji ya presha na pampu ya mkono ya vakyumu viko kwa katibu. Anayeazima asaini daftari, na avirudishe kabla ya Jumamosi ya matengenezo inayofuata.