Kidevu kinapohama, usikimbilie waya wa meno

Njoo na picha zako za zamani. Hilo ndilo ombi letu la kwanza kwa anayetupigia simu hapa kliniki ya meno akisema kidevu chake kinaenda upande. Ya darasa la saba, ya kidato cha nne, ya kitambulisho, ya harusi ya dada, yoyote ambayo umetazama mbele. Tukizipanga kwa miaka hapo mezani, jibu huanza kuonekana hata kabla ya eksirei.

Wengi hufika wakiwa wameshaambiwa mengi: unalalia upande mmoja, unatafunia upande mmoja, umepigwa na upepo. Uso uliopooza hupinda ghafla, na jicho mara nyingi halifumbi. Uso unaopindishwa na taya huhama polepole, kwa miezi na miaka, aghalabu bila maumivu. Huanza zaidi kwa vijana, kuanzia balehe hadi miaka ya ishirini na kitu, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Mbele ya kila sikio, taya la chini lina kichwa cha mfupa kinachocheza ndani ya kiungo. Kimoja kikiendelea kukua wakati mwenzake ametulia, hulisukuma taya: kidevu huelekea upande wa pili, au upande ulioota hushuka na meno ya huko yakaacha kukutana. Eksirei ni lazima, maana uvimbe ndani ya taya nao huupindisha uso.

Swali linaloamua matibabu ni moja: mfupa bado unakua? Ukifungwa waya leo na mfupa bado unasukuma, meno yatahama tena na pesa yako itakuwa imepotea. Inatuuma kuona mtu aliyeng'olewa meno mazima kwa kosa hilo.

Skani ya mifupa husaidia kujua. Unachomwa sindano ya teknishiamu, dawa yenye mionzi kidogo, kisha kamera inalinganisha pande mbili. Tofauti ya asilimia 10 au zaidi huashiria ukuaji, ingawa kiungo kilichovimba nacho huweza kung'aa kwenye skani. Dar es Salaam, skani za aina hii hufanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na jina hilo huwatisha wagonjwa wetu. Kutumwa huko hakumaanishi una saratani.

Mfupa ukiwa bado unakua, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya hupasua mbele ya sikio na kuondoa milimita chache, takriban 5, za juu ya kichwa kile. Ukuaji hukoma. Ukiwa umeshatulia wenyewe, kiungo kinaweza kuachwa. Taya hukatwa, hupangwa upya na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani, wakati mwingine pamoja na taya la juu. Hatari zipo, na uliza kabla ya kusaini: mshipa wa fahamu wa uso hupita jirani, hivyo nyusi inaweza kulegea, mara nyingi kwa muda, na mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi. Wiki za mwanzo ni uji, mtori na mazoezi ya kufungua kinywa.

Sisi hatupasui. Tunapiga picha, tunachukua umbo la meno kwa plasta, tunakuandikia rufaa, na waya tunaufunga kwa makubaliano na mpasuaji. Kama huna picha za zamani, tutakupima leo, na tena baada ya miezi sita.