Chui wa Unguja anahitaji rula

Mhariri,

Kila zinapozuka habari za chui wa Unguja, anayedhaniwa ametoweka, kuonekana kusini mwa kisiwa, tunaletewa picha ya mnyama aliyesimama peke yake, hana kitu cha kumlinganisha naye. Hata video ya kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama apitapo, iliyotangazwa 2018 iliacha ubishi, maana usipojua mnyama alikuwa umbali gani, ukubwa wake unaukisia tu. Dawa ipo: rudi pale pale, simamisha kijiti chenye alama kila sentimita 10 alipopita mnyama, kisha piga picha nyingine kutoka ilipokuwa kamera.

Unyayo wa chui una vidole vinne, hauna alama za kucha, na nyuma ya kiganja mna matuta matatu. Wa bara hufika sentimita 7 hadi 10. Wa Unguja alikuwa na umbo dogo zaidi. Mbwa na ngawa huacha kucha. Paka shume haachi, lakini unyayo wake ni kama sentimita 3 tu, na hapo ndipo matope yanapodanganya: mguu ukiteleza, au wa nyuma ukikanyaga juu ya wa mbele, shume anageuka chui. Pima sakafu ya unyayo, achana na kingo zilizobomoka. Rula iwe kando, kamera itazame chini wima, na fuata nyayo kadhaa.

Mbuzi akiuawa, chuna ngozi ya shingo. Matundu ya meno hufichwa na manyoya. Chui kwa kawaida hukaba koo, mbwa hurarua miguu na makalio. Mavi usiyashike kwa mkono wala usiyatie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu huharibu vinasaba. Yakaushe kivulini, yatie katika bahasha ya karatasi.

Kamera zifungwe mbili zikitazamana, kimo cha goti, mita 2 au 3 kutoka njiani, kwa kuwa madoa ya ubavu wa kulia hayafanani na ya kushoto. Fyeka majani yaliyo mbele, la sivyo upepo na jua vitajaza kadi picha za majani.

Wanaosema ni chui wa kufugwa na wachawi nao wapime. Sijasikia kwamba huyo hana miguu. Muhimu ni taarifa kufika kwa maofisa wa misitu kabla ya kufika kwa wasasi. Mbwa wao wakitangulia, nyayo zote zimekwisha.

Msomaji,
Unguja