Sampo za Kulima Wenyewe

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 25 Septemba 2016

Kaka Kassim,

Mwangaluka! Huku wazima, ziwa limetulia, mgebuka umepanda bei kama kawaida yake. Shabani katuambia shemeji kajifungua salama, hongereni sana, na salamu za mtoto zitakuja kwa barua yake mwenyewe. Hii ya leo ina kazi moja tu: ule ujumbe wako wa sauti wa Jumatano.

Sekunde 41, Kassim! De La Soul, kundi la hip hop la Marekani, wamekaa miaka 12 bila albamu kamili, tangu The Grind Date ya 2004. Wanatoa albamu mpya, and the Anonymous Nobody, ngoma 17, na wewe unawamaliza kwa sekunde 41 huku nyuma bodaboda inapiga honi. Eti wamekuwa "bendi ya hotelini". Eti sampo (vipande vinavyokatwa kwenye rekodi na kujengewa wimbo mpya) wamezitupa, wamezeeka, na Jumamosi kijiweni hutaipiga. Wewe uliye Unyamwezi halisi, hapo Tabora, ndiye unayewahukumu hivyo watu wa Unyamwezini ya kupachikwa jina, yaani Marekani! Ningejibu kwa simu, lakini kwenye simu unanikatiza.

Tuanze na sampo, ndizo zinazoniuma. Sampo zipo, kaka, tena zimejaa. Tofauti ni shamba zilikovunwa. Walichukua wapiga vyombo wa Los Angeles, Rhythm Roots Allstars, wakawaingiza studio wakapiga, na zikarekodiwa zaidi ya saa 200. Hizo saa 200 ndizo zikageuka kuwa sanduku la santuri. De La Soul wenyewe watatu, Pos, Dave na Maseo, wakaingia humo kama walivyokuwa wakiingia kwenye santuri za wazazi wao zamani: hapa kata baa mbili (vipimo viwili vya mdundo) za ngoma, pale kata tarumbeta, hili gitaa lishushe, lile besi lirudie. Piga hesabu mwenyewe. Ukisikiliza saa tano kwa siku, siku 40 zinakwisha na umepitia mara moja tu, hujakata hata kipande. Bendi ya hotelini inapiga wimbo unaojulikana tangu mwanzo mpaka mwisho, watu wanakula chipsi. Hawa hawakuwa na wimbo. Walikuwa na kifusi, wakakaa wanachambua.

Na ukitaka kujua kama unachosikia ni bendi au ni lupu (kipande kimoja kinachojirudia), sikiliza makosa. Mpigaji akichelewesha sinea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, kidogo, kila mara atachelewa kwa namna yake. Lupu inachelewa vilevile, mahali palepale, kila baada ya baa mbili. Mtu hawezi kukosea sawasawa mara nane mfululizo! Sikio lako linalijua hilo hata kama mdomo unabisha.

Kwa nini wahangaike hivyo? Wewe unaijua historia, ila unajifanya umesahau. Kuchukua kipande cha santuri ya mtu kunadai ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Mmoja akikataa, ngoma imekufa hata kama mwenzake kakubali bure. 3 Feet High and Rising ya 1989 ilishonwa kwa vipande chungu nzima, na kimoja kilitoka kwa The Turtles, bendi ya zamani ya Marekani, kimewekwa kwenye kipande cha dakika moja hivi cha kupumzishia tu katikati ya albamu. Wenyewe wakashtaki, wakadai mamilioni ya dola. Waliishia kumalizana nje ya mahakama, lakini tangu hapo Marekani nzima ilianza kuhesabu sampo kama daktari anavyohesabu vidonge. Halafu likaja la pili: mikataba ya wakati ule iliandikwa kwa santuri na kanda, haikutaja kupakua kwenye intaneti. Ndiyo maana kwa miaka mingi albamu zao za mwanzo hazikupatikana kwenye maduka ya mtandaoni, na ndiyo maana siku ya Valentine ya 2014 waliziachia bure kwa saa 25. Kundi zima, kazi ya maisha, likafungiwa nje ya nyumba yake. Sasa mtu wa namna hiyo akiamua kulima sampo zake mwenyewe unamwambia kazeeka?

Fedha nazo hawakuchukua kwa kampuni. Machi 2015 waliomba mashabiki dola 110,000 kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangishana. Zikaja 600,874, kutoka kwa watu 11,169, wastani wa dola 54 hivi kwa kichwa. Ni harusi ya kuchangiwa kabisa, kamati na kadi, isipokuwa bwana harusi ana umri wa kuitwa babu. (Usimwambie Dulla nimesema hivi, atasema na mimi nimegeuka.)

Tena hili la kujaribu hawakuanza uzeeni. 1991, dunia ikiwa bado inawaita watoto wa maua (mahipi), walitoa albamu yenye picha ya chungu cha maua kimeanguka na kupasuka, na jina linasema De La Soul wamekufa. 1993 wakamleta Maceo Parker, saksafoni ya James Brown, wakamwachia ngoma karibu nzima, mtu hachani (harapu) mstari. Mwaka huo ungesema nini, bendi ya hotelini? Wewe uliipenda albamu ile, kanda yako Mama Zuhura aliirekodia kwaya juu yake na ukanuna mwezi mzima.

Haya, nikubali na yangu. "Lord Intended" ni ndefu, inapita dakika saba, na yule Mwingereza wa bendi ya roki ya The Darkness analalamika kupita kiasi. Ningekuwa na mkasi ningekata dakika tatu za mwisho, nisingejuta. Katikati ya albamu kuna sehemu inalegea. Wageni nao ni wengi, ukifumba macho unaweza kudhani ni mkutano wa vijiji: Jill Scott, Snoop Dogg, Usher, 2 Chainz, David Byrne, Damon Albarn. Hapo una haki, kidogo.

Lakini "Drawn" usiiguse. Najua unalalamika kwamba Yukimi Nagano wa Little Dragon anaimba karibu yote na uchanaji unasubiri mpaka mwishoni. Ndiyo utamu wenyewe! Mistari ikifika umeshaikatia tamaa, kwa hiyo kila neno linatua. Ingeanza dakika ya kwanza ingekuwa kibwagizo cha kawaida na mistari miwili mitatu, tungeisahau Jumatatu. Na "Snoopies" nayo, ile na Byrne, umesema ni nyimbo mbili zilizogandishwa kwa gundi. Sawa, ni mbili. Tangu lini De La Soul, watu wa Amityville, wakaacha kugandisha? Si ndicho tulichowapendea?

Sasa nije kwenye nakala yako, maana nashuku nusu ya ugomvi huu umeletwa na faili. Umesema umeipata kutoka kwa Dulla, albamu nzima megabaiti 30 na kitu. Mp3 ya kbps 64 (kbps ni kiasi cha data kwa sekunde) inakula karibu nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo ndiyo hiyo uliyonayo. Kwa kiwango hicho sauti za juu zinakatwa, matoazi yanasikika kama karanga zinakaangwa, na vyombo vya kupuliza vinageuka kuwa vya plastiki. Biti ya kompyuta inavumilia hayo, kwa sababu haina hewa ndani yake. Ngoma za kupigwa na mikono haziwezi, kwani uhai wake uko kwenye mwangwi wa chumba, na mwangwi huo huharibika haraka. Kisha ukaipeleka kwenye ile sabufa yako, kitufe cha besi kimezungushwa mpaka mwisho. Pale unasikia kiki tu (ya ngoma, siyo ile ya mastaa), sinea imezama, gitaa limezama, halafu unasema bendi imepooza.

Kwenye flashi niliyoweka ndani ya bahasha kuna kbps 320, megabaiti 2.4 kwa dakika. Ndiyo, najua, nahubiri haki miliki huku nakutumia nakala. Nicheke tu. Rudisha besi katikati, zima ile "3D" ya redio, keti mita mbili kutoka kwenye spika, au bora utumie hedfoni zile za shemeji. Sikiliza kwa mpangilio, tangu Jill Scott anapofungua. Usianzie na Snoop.

Kuna sababu nyingine inayofanya nisitake uitupe, nayo iko hapo Tabora. Shabani anasema vijana wa studio wanataka kuchukua gitaa la Kiko Kids, ile bendi ya zamani ya Tabora, na kulichania juu. Wazo tamu, na wewe ndiye wanayekusikiliza. Waambie mambo ya ruhusa mbili mapema. Rekodi nyingi za bendi za enzi hizo zilifanyika Radio Tanzania, na hazina yake sasa iko TBC. Utunzi una wenyewe au warithi wao, kwani sheria yetu ya 1999 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Waanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wasianzie YouTube.

Au wafanye kama hao wazee. Tabora haijakosa mpiga gitaa la solo wala mtu wa tumba. Wawalipe wawili watatu kwa mchana mmoja, saa tatu zinatosha. Ila hapa ndipo wengi wanapoteleza: wasiwaambie wapige wimbo wa Kiko Kids. Ukipiga upya wimbo wa mtu umeikwepa ruhusa ya rekodi, ya utunzi bado inakudai. Wawaambie wapige kwa hisia ya zamani, sauti iwe yao. Na karatasi isainiwe kabla nyaya hazijachomekwa, iseme malipo ni kiasi gani na kwamba rekodi itakatwa na kutumiwa kwenye nyimbo nyingine. Karatasi ya baada ya wimbo kuvuma huwa haisainiki.

Kliki, ule mlio wa kuhesabu mwendo, iwe 90 kwa dakika, iingie kwenye hedfoni za wapigaji tu, isivuje kwenye maiki. Kwa mwendo huo baa nne zinachukua sekunde 10.67, namba hiyo waiandike ukutani. Kila chombo kipate njia yake ya kurekodiwa. Spika ya gitaa ikae chumba cha pili, au angalau nyuma ya magodoro, la sivyo tumba itaingia ndani ya gitaa na siku ya kukata hutaweza kuvitenganisha. Maiki mbili zikiwa chumba kimoja, ya pili iwe mbali na ya kwanza mara tatu ya umbali wa ile ya kwanza kutoka kwenye chombo chake. Warekodi kwa biti 24 na kHz 48, mshale wa sauti usipite desibeli -12, maana mpiga tumba akichangamka huongeza nguvu bila taarifa. Njia nane kwa saa moja zinakula gigabaiti 4 na kidogo, kwa hiyo waje na diski, wasije na flashi. Na wahifadhi kila dakika kumi, umeme wa huko unaujua.

Wakati wa kukata, kisu kipite pale wimbi la sauti linapogusa sifuri. Kikipita pengine lupu inapiga "tik" kila ikirudi, na hiyo tik huisikii mpaka siku wimbo uko redioni. Kingine ni kasi: wakipunguza mwendo kama wa santuri kutoka 100 hadi 90, sauti inashuka karibu nusu-toni mbili, na mwimbaji wa kiitikio atalaumiwa bure kwamba hajui kuimba. Wachague kasi kabla hawajamwita.

Nimeandika sana, na mshumaa umebaki kidole kimoja. Lakini narudi palepale: umesema hawana sampo. Wanazo, na safari hii hakuna wa kuwapigia hodi na hati ya madai.

Niambie basi. Mtoto amepewa jina gani, na mbona Shabani anaficha? Hiyo nakala ya Dulla ni kbps ngapi hasa? Umeshaisikiliza "Drawn" mpaka mwisho au uliishia dakika ya pili? Vijana wa studio wana maiki ngapi, na zile mbili za kwaya wanaweza kuazima? Mama Zuhura bado anayo kanda ile? Na Jumamosi unaipiga au huipigi? Ukiipiga niandikie nani alinyanyuka na nani alibaki, majina yote.

Dagaa kilo mbili ziko kwenye kifurushi hicho hicho, nusu ni za shemeji na supu yake, usile zote.

Wako,
Juma

N.B. Flashi irudi. Ina picha za harusi ya dada.