Baba, haya ndiyo mawe ninayosoma huku

Baba na Mama hamjambo? Mimi niko poa, baridi imeanza lakini nimezoea. Msalimieni Shosho.

Baba kwa simu uliniuliza asidi zote hizo ni za nini na jiwe ni jiwe tu, acha sasa nikuandikie vizuri. Mawe yangu yanatoka Kimmeridge, pwani ya Dorset kusini mwa Uingereza. Yalikuwa matope meusi chini ya bahari wakati wa Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita, na kuna tabaka lina mafuta hadi watu wa hapo walikuwa wanalichoma badala ya makaa. Matope hayo hayo yako chini ya Bahari ya Kaskazini na ndiyo yametoa mafuta mengi yanayochimbwa huko.

Sasa umri wa jiwe la chini ya kisima cha mafuta utaujuaje? Mfupa wa dainosa huwezi kuupata pale, drili inasaga mawe kama mahindi na kuleta juu vipande vidogo vidogo. Lakini planktoni, yaani viumbe vidogo sana vya majini, wanapona kwa sababu wengi hawafiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na walikuwa wanaelea kila mahali, aina zingine zikatokea na kupotea ndani ya miaka milioni chache tu, kwa hivyo ukijua nani aliishi wakati mmoja na nani, umri umeupata.

Baba, hata lile jiwe jeupe ulilokuwa unachimba Kariandusi ni planktoni! Ni dayatomu, yaani mwani mdogo sana, za ziwa la zamani na maganda yao ni silika, kitu kile kile cha mchanga na glasi. Nikilitia kwa asidi yangu ya haidrofloriki linaisha karibu lote, maana hiyo inakula silika, hata glasi inakula, ndio tunatumia vyombo vya plastiki. (Mama usiogope, tunafanyia ndani ya kabati linalovuta moshi na glavu ni mbili mbili.) Wangu ni planktoni wa aina nyingine, wanaitwa dinoflajelati, waliacha kifuko kigumu ambacho asidi haigusi, jiwe linayeyuka wao wanabaki. Kwa maikroskopu unaona kitu cha kahawia chenye miiba na tundu pale ambapo mwenyewe alitokea akaenda zake. Miaka yote hiyo na tundu bado liko wazi, yaani mimi hainiishi hamu.

Tena wanakuambia bahari ilikuwaje. Ukiona poleni (chavua ya mimea) na vipande vya mbao vimejaa, nchi kavu ilikuwa karibu, dinoflajelati wakizidi sana basi ufuo ulikuwa mbali. Shida ni wale wa zamani zaidi ambao maji yaliwang'oa kwa mawe ya kale yakawaleta humu, usipowatenga utasema jiwe ni zee kuliko lilivyo, na hapo ndipo kazi inakula macho.

Kwetu pia mawe ya bahari ya Jurasiki yapo, kule Mombasa na Kilifi. Nikimaliza nataka kuyafanyia hii kazi, na Baba tutaenda wote.

Karo ya Kevo nitatuma Ijumaa.