Wimbo wa simba una mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mahafali ya chekechea ya mjukuu wangu, hapa hapa Mbagala. Watoto walivishwa masikio ya simba yaliyokatwa kwa manila, wakaimba ule wimbo wa simba aliyelala msituni. Waliimba vizuri mno. Kisha mshereheshaji akatutangazia wazazi kwamba wimbo huo waliutunga Wamarekani kwa ajili ya filamu ya The Lion King. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi mikono ilikataa.

Nimefundisha kwaya miaka 31 na mwenyewe naimba besi, kwa hiyo wimbo ule naujua kuanzia chini. Filamu ilitoka mwaka 1994. Wimbo ulirekodiwa Johannesburg mwaka 1939, studio ya Gallo. Mtunzi wake ni Solomon Linda, Mzulu wa Msinga, ambaye kazi yake ya kila siku kwenye kampuni hiyo hiyo ilikuwa kufungasha santuri. Aliuita Mbube, yaani simba.

Mwenye simu aitafute rekodi ile ya zamani. Mabesi wanarudia neno moja tu, "uyimbube", wewe ni simba, kwa mwendo ule ule, kama wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja bila michi kugongana. Juu yao Linda anapanda kwa sauti nyembamba, anazunguka bila maneno. Walirudia kurekodi, na ile mara ya tatu, wimbo ukielekea mwisho, akaachia kipande kifupi cha papo kwa papo. Kipande hicho ndicho Wamarekani walichokitilia maneno mwaka 1961, na kundi la The Tokens likashika nacho namba moja kwao. Ndicho walichoimba watoto wetu Jumamosi. Kabla ya hapo Pete Seeger, mwimbaji wa Kimarekani, alikuwa ameisikiliza santuri, "uyimbube" ikamfikia sikioni kama "wimoweh", na hivyo ndivyo kundi lake lilivyoimba.

Haki za wimbo Linda aliziuza kwa shilingi 10 za Afrika Kusini ya wakati ule. Alifariki mwaka 1962 kwa maradhi ya figo, hana kitu, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe. Binti zake walikuwa wakiishi Soweto kwa shida huku sauti ya baba yao ikizunguka dunia. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliyaanika haya yote, na mwaka 2004 familia ikafungua kesi dhidi ya Disney, kampuni iliyotoa filamu ile. Mawakili waliishika sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki zirudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Mwaka 2006 kesi ikaishia kwa mapatano: familia ilipwe, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Mwenza! Hata hivyo jina lilirudi.

Ombi langu kwako ni dogo. Kwenye ukurasa wenu wa burudani, kila mnapotaja wimbo, wekeni na jina la aliyeutunga, si la aliyeuimba peke yake. Nawaomba hivyo hivyo watangazaji wa redio na washereheshaji. Kwenye daftari letu la kwaya kuna nyimbo nyingi zilizoandikwa "mtunzi hajulikani". Mmoja wao namjua kabisa. Alikuwa mzee muuza mkaa pale Rangi Tatu, akitufundisha jioni mikono yake bado myeusi, na alipofariki sisi wanakwaya ndio tuliobeba jeneza. Juzi nimechukua kalamu nikalifuta lile neno "hajulikani", nikaandika jina lake. Zilizobaki nazifuatilia kwa wazee wenzangu, kabla na sisi hatujaondoka.

Mwalimu wa kwaya,
Mbagala, Dar es Salaam