Tulale wapi Naivasha

Shela, Malindi (yetu, siyo ile yenu ya Lamu)
Jumatano, baada ya Isha

Ndugu yangu Shee,

Assalam alaykum. Natumai shemeji na watoto hawajambo, na miguu ya mzee imepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ila Kusi imekaza. Mashua nyingi zimelala tangu wiki jana na samaki sokoni hashikiki. Ndiyo maana nazidi kuling'ang'ania lile wazo letu la Agosti: bahari ikikasirika, sisi twende Ziwa Naivasha na kayaki, vile vyombo vidogo vya kupiga kafi, tulale ndani ya ile matatu yangu.

Juzi kwa simu ulinicheka. "Kambi ni mahali pa kulala tu, wachagua nini?" Sikulaumu. Wewe umezoea kulala chomboni, umejifunika tanga, ukaamka salama. Naivasha ufuo una mwenyewe, na mwenyewe huja usiku. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, giza likiingia hupanda nchi kavu kula nyasi. Zile nyasi fupi nzuri unazotaka kuegesha gari juu yake ndizo sahani yake.

Mimi nililijua hilo Desemba, kwa gharama. Nilikwenda na mpwa wangu, tukachagua kambi kwa picha tu: gari liko ukingoni kabisa, ukifungua mlango waona maji. Tulifika jioni, mvua imetoka kunyesha, nami kwa tamaa nikasogea mpaka pale pa kwenye picha. Magurudumu ya nyuma yakazama kwenye ule udongo mweusi unaonata. Nikasema basi, tulale, kesho tutajua. Saa nane za usiku nikasikia pumzi, kisha sauti ya nyasi zikikwanyuliwa, krap, krap, mlangoni. Mpwa wangu alikuwa amebanwa na haja tangu saa sita. Choo kiko mbali, upande wa pili wa huyo bwana. Siandiki tulivyofanya, utamuuliza mwenyewe. Asubuhi tulivutwa kwa trekta, na mwenye trekta alitutoza kama aliyetuuzia.

Kwa hiyo safari hii nimepiga simu kambi tatu, zote kwenye barabara ya Moi South Lake, na maswali yangu hayakuwa ya picha. Kuna ua wa umeme kati ya magari na maji? Huwashwa saa ngapi? Choo kiko ndani ya ua au nje? Ardhi mvua ikinyesha huwaje? Matawi ya migunga yameinama kiasi gani? Hili la mwisho usilicheke: kayaki mbili zikiwa kwenye keria, matatu yangu hurefuka kuliko ninavyokumbuka.

Ya kwanza iko chini kabisa, na yule kijana alinijibu kwa uaminifu kwamba ufuo wao wa zamani sasa umo ziwani. Unajua, ziwa lile halijai na kupwa kama bahari, halina bamvua wala maji mafu, lakini usidhani halisogei. Mwaka 2009 lilinywea mpaka watu wakaogopa litakwisha. Kuanzia 2020 likafura, likaingia mtaa wa Kihoto, nyumba za watu zikajaa maji. Mpaka leo utaona migunga mikavu imesimama ziwani kama milingoti ya majahazi yaliyozama. Kupiga kafi katikati yake ni raha, ndege wamejaa kila tawi, lakini chini kuna visiki, na penginepo waya za ua za zamani. Kambi hiyo nimeiacha.

Ya pili ina kila kitu: maji ya moto, umeme wa kuchomekea gari, bwawa la watoto. Ina pia muziki wa Ijumaa mpaka Jumapili, na baa ambayo shemeji akiiona atarudi Mokowe, kwenye boti za Lamu, kwa miguu. Wanairobi huteremka Naivasha wikendi kama nzige. Hata tukienda kwingine, naona tuingie Jumatatu tutoke Alhamisi, Ijumaa tuswali mjini tuanze kurudi.

Ya tatu ndiyo moyo wangu ulipo. Haina sura. Gari litakaa mwinuko kidogo, kama hatua mia mbili kutoka majini, ardhi ya changarawe, ua wa umeme huwashwa magharibi, choo na bafu vimo ndani. Umeme wa gari hakuna, tutatumia betri yangu na ile sola. Kubeba kayaki hatua mia mbili asubuhi na jioni ni kazi, najua. Lakini tuko wanaume wawili na vijana wanne, na mabega ya Waamu yamebeba boriti za mikoko tangu enzi za mababu.

Sasa ya majini, maana najua utajifanya nahodha. Alfajiri ziwa hutulia kama mafuta kwenye sahani. Ikifika saa saba, saa nane, upepo huamka ghafla, na kwa kuwa maji si ya kina kirefu, mawimbi huwa mafupi na makali. Tuingie saa moja, tutoke saa tano. Kiboko ukimwona, usikae kati yake na kina, maana akishtuka hukimbilia huko na wewe umo njiani. Tutagonga ubavu wa kayaki kwa kafi ili atusikie mapema. Majaketi ya kuelea ni lazima, hata kwako uliyezaliwa ndani ya dau. Maji baridi yasiyo na chumvi hayakubebi kama bahari, utaona chombo kimekaa chini zaidi.

Ulitaja Ziwa Baringo. Ningependa uwaone Wailchamus, wenyeji wa huko, na vile vyombo vyao vya miti myepesi, ungekaa nao siku nzima ukiuliza. Lakini kule kuna mamba, na watoto wetu hawajui kuweka mikono ndani ya chombo. Siku nyingine, mimi na wewe tu.

Kabla ya Naivasha njooni siku mbili mapema tujaribu kayaki kwenye hori ya Mida. Mara ya mwisho sikuangalia maji, yakapwa, nikakaa topeni kati ya mikoko saa nne nzima nikitazamana na kaa. Safari hii wewe ndiye utakayehesabu mwezi.

Njia nitapita Mavueni, Kaloleni, mpaka Mariakani, tusiguse foleni ya Mombasa, tulale Voi. Ukiona watu wa Gede wanatupungia mkono, usishangae. Rangi ya matatu sijaibadilisha, wangali wanadhani nabeba abiria.

Niambie kabla ya Jumapili kama shemeji amekubali hiyo ya tatu, nitume amana kwa M-Pesa. Na blanketi, Shee, blanketi za kweli. Ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Agosti usiku kikoi hakitakusaidia. Njoo pia na lile kafi lako la mti, haya ya plastiki yananichubua.

Wako,
Kombo