Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vipimo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, walimu, wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa dhati kuacha majukumu yako mengi ukaja kuungana nasi. Siku uliyotupa ndiyo yenyewe. Tarehe 20 Mei 1875, mataifa 17 yalitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris, ili mita na kilo ziwe zilezile kwa kila mtu. Tarehe hiyohiyo mwaka 2019, kilo iliacha kutegemea silinda ya madini iliyotunzwa Ufaransa, ikaanza kufafanuliwa kwa konstanti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika, ambayo haichakai wala haipati kutu.

Chama chetu kilianza na wanafunzi tisa. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: tumeupima uwanja wote kwa futikamba, tumeandika jotoridi la kila asubuhi kwa mihula miwili, na hakuna mwanachama anayesoma silinda ya kupimia bila kuinama hadi macho yalingane na maji.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni moja: mizani.

Mizani tuliyo nayo, ikiwa tupu kabisa, mshale wake unasimama kwenye gramu nne. Tumeikunjia karatasi chini ya mguu mmoja, haikusaidia. Kama kosa lingekuwa hizo nne tu, tungezitoa kila mara tukaendelea. Lakini kadiri mzigo unavyoongezeka, kosa nalo linakua, na hatuna mawe ya mizani yaliyohakikiwa ya kutuonyesha limefikia wapi. Muhula uliopita tulipima tungamo kabla na baada ya mmenyuko ndani ya chupa iliyozibwa. Kitabu kinasema tungamo halipotei. Kwetu zilipotea gramu tatu. Wanafunzi walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakafuta namba waliyoiona na kuandika ya kitabuni.

Hilo ndilo linalotuuma. Tunajifunza kupika majibu.

Tuliwahi kuambiwa kwamba gramu chache si kitu kwa watoto wa shule. Kwa heshima zote, hatukubaliani. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazipokea kana kwamba ni niutoni, kipimo kingine cha kani. Waliozifanya hesabu hizo nao walianzia kwenye maabara za shule.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Limesomwa hapa mbele ya wageni rasmi wawili waliokutangulia, na wote wawili walilipokea kwa makofi mengi. Baada ya ahadi ya kwanza, wazazi walijenga meza ya zege ili mizani mpya isitikisike. Baada ya ahadi ya pili, tuliifunika meza hiyo kitambaa isishike vumbi. Kitambaa hicho tumeshakifua mara nyingi.

Tunaomba mizani moja, pamoja na mawe yake yaliyohakikiwa. Na kama itakupendeza, tunaomba pia utupe tarehe, tuiandike ukutani juu ya meza ile.

Kabla hujaondoka, karibu maabara. Tutakuomba uivue saa yako ya mkononi, uipime mwenyewe mara tatu, na usome namba kwa sauti.

Tunaomba kuwasilisha.